Sura ya Saba: Mgeni Mwenye Nyundo

Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika, kempu za Karatu, kaskazini mwa Tanzania, hujaa magari ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya watalii wa siku chache: wanalala, alfajiri wanateremka kreta ya Ngorongoro, kesho yake wako Arusha. Aina ya pili hubeba namba za usajili za nchi za mbali, na ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la nguo. Wenye magari hayo hawana haraka, maana hawana nyumba ya kurudia. Gari ndiyo nyumba, mwaka mzima. Baadhi yao, wakishashiba kutazama tembo, huuliza kama kuna paa la kuziba, choo cha kuezeka au darasa la kupaka rangi, wafanye bila malipo.

Hapo ndipo linapozuka swali la wenyeji: mtu asiye na nyumba mahali popote atawezaje kutengeneza nyumba ya mwenzake? Na akiweza, anasaidia kweli au anajifurahisha tu na kupiga picha?

Jibu la sura hii ni kwamba anaweza kusaidia, na wapo wanaosaidia, ila kwa masharti matatu. Alete kile kilichopungua kijijini. Akubali kuongozwa na fundi wa hapo. Na achague kazi itakayokwisha kabla hajawasha gari kuondoka.

Watu hawa wametoka wapi?

Nchini Marekani kuna wastaafu wengi waliouza nyumba zao na kuhamia kwenye magari makubwa yenye vyumba. Wakati wa baridi huelekea kusini, joto likizidi huelekea kaskazini. Shirika la Habitat for Humanity, linalojenga na kukarabati nyumba za watu wa kipato kidogo, lina mpango maalumu kwa ajili yao uitwao Care-A-Vanners. Utaratibu ni rahisi. Kikundi kinafika mahali na magari yake, kinapewa uwanja wa kuegesha, kinafanya kazi ya ujenzi kwa wiki mbili hivi, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba wazo hili ni la Marekani peke yake. Millard Fuller na mkewe Linda, walioanzisha shirika hilo mwaka 1976 mjini Americus katika jimbo la Georgia, walikuwa wametoka kuishi miaka mitatu Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo. Huko walijenga nyumba pamoja na wenyeji, na waliporudi kwao walikuwa na mfumo uliokwisha kujaribiwa. Katika mfumo huo, familia inayopata nyumba hutoa nayo saa zake za kazi: inabeba tofali, inapaka rangi, inasafisha eneo. Hakuna anayekaa kivulini akitazama wageni wakimjengea.

Mkazi wa Karatu akisikia hivyo atasema mbona hilo ni msaragambo. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, isiyo na ujira, ambayo kila kaya hutoa mtu. Barabara ikikatika, mfereji ukiziba au darasa likihitaji msingi, watu huitwa na kutokea na majembe. Madarasa na zahanati nyingi za Tanzania zimeanza hivyo: wananchi wanasimamisha boma, yaani kuta zisizo na paa, mpaka usawa wa lenta, kisha halmashauri inamalizia kwa fedha za serikali.

Kwa hiyo mgeni mwenye nyundo anapoingia Karatu haleti kitu kipya. Wahenga walishampangia nafasi yake waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kilichobaki ni kujua ashike jembe lipi, na nani amwonyeshe pa kulima.

Wenyeji wanaohama kabla ya magari

Kuna sababu nyingine ya kutomshangaa mtu anayeishi safarini. Ukipita lango la Lodoare na kuingia eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kilometa za mraba 8,292, unaingia nchi ya watu waliojenga maisha yao juu ya kuhama. Mwanzoni mwa mwaka nyumbu huzaa kwenye mbuga za majani mafupi. Ndama wao hubeba ugonjwa usiowadhuru wao lakini unaoua ng'ombe. Mfugaji Mmasai analijua hilo tangu enzi za mababu, hivyo huondoa ng'ombe wake mbugani na kuwapandisha milimani. Kiangazi nacho kina ratiba yake ya maji na malisho. Vijana wanaofuatana na mifugo hukaa kwenye ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho, mpaka majani yarudi.

Watu hawa wanaohama ndio hao hao wenye ujuzi mkubwa wa kukarabati. Nyumba ya Kimasai hujengwa kwa miti na fito, ikajazwa majani na kukandikwa kwa samadi ya ng'ombe. Mvua inaila, jua linaipasua, kwa hiyo lazima ipakwe upya mara kwa mara. Anayejenga na kuikarabati ni mwanamke, na nyumba huhesabiwa kuwa ni yake: kila mke na yake ndani ya boma, ambalo hapa maana yake ni makazi ya familia yaliyozungushiwa uzio wa miiba.

Mgeni anayetaka kusaidia hupitwa na jambo hili kirahisi. Anafika, anapokelewa na wanaume, anaketi nao chini ya mti, anakubaliana nao kuhusu paa. Wakati huo mtu aliyeijenga nyumba, anayejua maji yanapenya upande gani na nguzo ipi imeliwa na mchwa, yuko ndani anapika. Ukitaka kujua nyumba inaumwa wapi, muulize mama mwenye nyumba kabla hujatoa nyundo kwenye gari.

Ukirudi Karatu, Wairaqw nao wana historia yao. Zamani walijenga nyumba zilizochimbiwa kwenye mteremko, na paa lake la udongo likifanana na ardhi inayolizunguka, ili adui apite bila kuziona. Nyumba ya namna hiyo haidumu bila mjenzi anayejua maji ya mlimani yanashukia wapi. Ujuzi huo bado unahitajika leo katika wilaya ile ya vilima, udongo mwekundu na makorongo.

*Kwa ufupi: kuishi safarini hakumwondolei mtu uwezo wa kujua nyumba. Lakini anayeijua nyumba hii hasa ni yule anayelala ndani yake.*

Kilichopungua si mikono

Mwaka 1961 kikundi cha kwanza cha Peace Corps, vijana wa Marekani wa kujitolea, kilikuja Tanganyika. Kilikuwa cha wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara. Nchi changa ilikuwa na watu tele wa kushika sururu, lakini wapimaji walikuwa wachache. Kipimo hicho kinafaa mpaka leo: kabla ya kujitolea, tafuta kilichoadimika.

Karatu haijapungukiwa na mikono. Mavuno ya mahindi na maharage yakishaingia ghalani, vijana wengi hutafuta kibarua. Kimojawapo cha vibarua hivyo ni usaidia fundi: kuchanganya saruji, kubeba maji, kupandisha tofali. Mgeni akija kufanya kazi hiyo bure, kuna kijana aliyepoteza ujira wa siku. Msaada umeingia kwa mlango wa mbele na njaa imeingia kwa mlango wa nyuma.

Basi ni nini kimepungua? Ukiwauliza mafundi, majibu yao hufanana.

- Usafiri. Lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani kutoka Makuyuni inafika mpaka lango la Lodoare, lakini vijiji vingi viko mbali nayo. Bati kumi, mifuko mitano ya saruji na mapipa ya maji huweza kugharimu sana kuvifikisha Mbulumbulu, Endabash au Kansay. Mgeni mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ana chombo ambacho kijiji kizima kinakihitaji.
- Fedha ya vifaa vya dukani. Udongo, mawe na mikono vipo. Bati, misumari, saruji na gata havipatikani bila pesa taslimu.
- Zana nzuri. Pima maji iliyo sahihi, drili ya betri, msumeno mkali, ngazi ndefu. Fundi mmoja akiachiwa zana hizo, atazifanyia kazi nyumba nyingi baada ya mgeni kuondoka.
- Maji ya ujenzi. Wakati wa kiangazi, maji ya kuchanganyia saruji hushindana na maji ya kunywa.

Kwa maneno mengine, gari lile lile linalowafanya watu wamwone mgeni kuwa mtu asiye na makao ndilo mchango wake mkubwa. Mgeni anayependa kushika mwiko na ashike, hakuna dhambi. Ila amlipe saidia fundi na wafanye kazi bega kwa bega, badala ya kumwondoa.

Hospitali ya FAME, iliyopo Karatu, inaonyesha njia hiyo katika fani nyingine. Madaktari wa kujitolea kutoka nje hufika hapo kwa muda, wakahudumia wagonjwa pamoja na madaktari na wauguzi Watanzania, na wakaacha ujuzi. Wageni huja na kuondoka, na hospitali haisimami.

Kazi tano zinazolipa

Wageni wengi hupenda kupaka rangi. Rangi inapendeza kwenye picha na haihitaji ujuzi. Lakini rangi haizuii mvua, na ukuta unaokula maji utaitema kabla ya masika ya pili. Kazi hizi tano hazina mvuto huo, ila ndizo zinazoongeza umri wa nyumba.

1. Kufunga gata. Gata ni mfereji wa bati au plastiki unaopokea maji ya paa. Paa la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 ikilinyeshea, linashusha lita 480, sawa na ndoo 24 za lita 20. Bila gata, maji hayo yote huchimba udongo chini ya ukuta. Ukiweka gata na simtanki, yaani tangi la plastiki, adui wa ukuta anageuka akiba ya nyumbani, na mama anapunguziwa safari za kisimani.

2. Kulinda kitako cha ukuta. Angalia nyumba yoyote ya tofali za kuchoma au ya udongo: ugonjwa huanzia chini, pale matone yanaporusha tope. Mtaro wa mawe kuzunguka nyumba, wenye mwinamo wa kupeleka maji mbali, hugharimu jasho kuliko fedha. Hapa ndipo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta ni maelekezo ya ufundi kabisa.

3. Kupigilia upya bati. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, juu, na chini ya kofia yake kuna kipande cha mpira. Ukipigwa kwenye bonde, maji yanayotiririka hupenya kwenye tundu lake. Bati nyingi zinazovuja hazijaoza, zimepigiliwa vibaya tu. Fundi mmoja, ngazi moja na kilo chache za misumari humaliza paa kwa siku moja.

4. Kuzuia mchwa. Nguzo iliyozikwa ardhini ni chakula cha mchwa. Mafundi wetu huipaka oili chafu, yaani oili iliyotolewa kwenye injini, nao ni utamaduni ulioenea. Lakini oili hiyo haifai karibu na kisima, bustani au mahali watoto wanapogusa. Njia bora zaidi ni kuisimamisha nguzo juu ya jiwe au kitako cha zege ili mbao isiguse udongo.

5. Kutoa moshi. Jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na tundu la hewa huumiza macho na mapafu, hasa ya mama na watoto wachanga. Tundu la hewa chini ya paa, au dohani fupi, ni kazi ya mchana mmoja. Fanya baada ya kushauriana na mwenye jiko, maana katika baridi ya nyanda za juu moto huo ni wa kupikia na wa kuotea pia.

Tahadhari moja kwenye majengo ya zamani, hasa ya umma: paa la kijivu la vigae bapa au mawimbi mazito huenda ni la asbesto. Asbesto ni madini yenye nyuzinyuzi ambazo zikivunjwa na kuvutwa puani husababisha maradhi mabaya ya mapafu, pamoja na saratani. Usilitoboe, usilikate, usilivunje. Toa taarifa halmashauri.

Kazi iwe fupi kuliko kukaa kwako

Anayeishi kwenye gari ana tabia ya kuondoka. Viza inaisha, mvua inakaribia, rafiki anamsubiri Nairobi. Saruji haijui mambo hayo. Plasta mpya, yaani tabaka la saruji na mchanga linalofunika ukuta, inahitaji kumwagiwa maji kila siku kwa siku saba hivi ili ikomae. Ikiachwa ikauke upesi kwa jua la Agosti, hupasuka na kubanduka. Mgeni aliyepiga plasta siku ya Ijumaa na kuondoka Jumamosi amemwachia mwenye nyumba deni la maji, katika msimu ambao maji ni shida.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, jibu maswali haya manne:

- Kazi hii inaisha lini, ukihesabu na siku za kukomaa?
- Nani atamwagia maji, kukaza misumari na kuangalia ufa baada ya mimi kuondoka?
- Kipuri kikiharibika, kinapatikana katika maduka ya Karatu mjini?
- Nikiugua kesho, fundi anaweza kumaliza bila mimi?

Jibu la swali la mwisho likiwa hapana, kazi hiyo ni kubwa mno kwako. Paa lililobomolewa nusu na kuachwa ni baya kuliko paa linalovuja.

Kalenda nayo ina neno lake. Kiangazi ndicho kipindi cha kuezeka na kupiga plasta, baada ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli kuanza Novemba. Ukifika Aprili, tulia. Fanya orodha, agiza vifaa, tengeneza milango na madirisha ndani ya karakana ya seremala.

*Kwa ufupi: chagua kazi ndogo, imalize, na uache mtu wa kuitunza.*

Sheria za pande mbili za lango

Karatu ni wilaya ya kawaida, na taratibu zake ni zile za kijiji chochote. Ukishapita Lodoare, mambo hubadilika. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kwa lengo la kuunganisha uhifadhi, mifugo na watu, nalo husimamiwa na Mamlaka yake. Huko ujenzi unahitaji kibali cha Mamlaka. Mgeni hulipa kiingilio kwa saa 24, gari la kigeni hulipiwa lake, na kulala ni kwenye kempu zilizoruhusiwa tu, kama ile ya Simba ukingoni mwa kreta. Huegeshi gari pembeni ya boma la rafiki ukatundika hema.

Makazi yenyewe huko yana historia ya kuhamishwa. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Tangu Juni 2022 kaya kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, na hatua hiyo imezua mjadala mkali ndani na nje ya nchi. Familia isiyo na hakika ya kesho yake haina sababu ya kutia saruji sakafuni. Mgeni asiyelijua hilo anaweza kuwaona watu kuwa wavivu, kumbe ni waangalifu. Kwa anayetaka kukarabati nyumba, ushauri ni kufanyia kazi upande wa Karatu, na kuvuka lango kwa mwaliko na kibali.

Kwa wasio raia kuna jambo jingine. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata isiyo na malipo. Mtu wa kujitolea anatakiwa kupitia taasisi iliyosajiliwa, na hati ya ukaazi inayomhusu ni ya Daraja C, kundi moja na wanafunzi na wamisionari. Taasisi hiyo ndiyo itakayomweleza vibali vingine. Wakenya na Waganda wenye magari yao nao waulize kwanza, wasidhani ujirani unafuta taratibu.

Kubisha hodi kunakofaa

Njia ya kuingia kijijini ni ile ile tangu zamani. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, yeye akupeleke kwa mtendaji wa kijiji. Usipeleke pendekezo lililoiva. Uliza kijiji kimepanga nini mwaka huu, maana mara nyingi orodha ipo tayari: choo cha shule, nyumba ya mwalimu, paa la bibi anayelea wajukuu. Mwachie mwenyekiti na wazee wachague nyumba ya kuanza nayo. Ukichagua mwenyewe, umepanda fitina kati ya majirani.

Fundi atakayeongoza kazi umwite fundi, hata kama ulikuwa mhandisi kwenu. Mzee wa nyumba mpe shikamoo yake. Wakileta makande mchana, kula pamoja nao. Risiti za bati na saruji zionyeshe mbele ya watu. Na picha ya ndani ya nyumba ya mtu usipige mpaka mwenyewe akubali.

Muhtasari wa sura

- Mgeni anayeishi kwenye gari anaweza kusaidia kukarabati nyumba, na mchango wake mkubwa huwa ni gari, zana na fedha za vifaa.
- Kazi ya saidia fundi apewe kijana wa kijiji, naye alipwe.
- Gata, mtaro, misumari, nguzo na tundu la moshi vina faida kuliko rangi.
- Saruji huhitaji siku, panga kwa kuhesabu siku hizo.
- Kibali kwanza, hasa ndani ya eneo la Hifadhi.

Na wewe msomaji wa Karatu, au wa kijiji kingine ambako magari haya husimama, usisubiri mgeni aulize. Kaeni kitongojini sasa, mwandike nyumba tano zinazovuja na kiasi cha bati zinachohitaji, kisha mumkabidhi mtendaji orodha hiyo. Gari likiingia, mpeni mwenye gari orodha hiyo siku ya kwanza, msingoje ya tatu.